Makofi ya Kuazima

Kuna wakati niliamini, bila hata chembe ya shaka, kwamba mtu mwenye ugonjwa wa viungo akicheka, viungo vyake huvimba. Hata tabasamu nililipima kama muuza mawese anavyopima kikombe cha mwisho cha dumu. Na aliyeamini hayo hakuwa mtoto, wala mtu asiyewahi kuona mlango wa darasa. Ni mimi, fundi baiskeli wa Kibondo, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokitafuta jioni kwa jioni katika madarasa ya watu wazima, grisi ikiwa bado kwenye kucha. Biolojia nilipata D, na D hiyo naitaja mpaka kwenye misiba.

Kabla ya hapo nilikuwa mchekaji wa kutupwa. Nikicheka sokoni Kibondo, kuku wa kule kijiji cha Kumsenga waliacha kudonoa wakasikiliza. Mke wangu husema alinipenda kwa sauti kabla hajaniona sura, na alipoiona sura akaamua kubaki na sauti.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Nilikuwa nikiamka asubuhi vimekaza kama nati iliyolala nje masika yote. Nikasema ni kazi, maana anayekaza spoku za nusu ya wilaya hawezi kuwa na vidole vya karani. Nikasema ni baridi ya mwezi wa sita. Nikajipaka mawese ya moto, nikanywa tangawizi mpaka jasho langu likawa la chai. Jirani mmoja mfuga nyuki akanishauri niwaache nyuki waniume, sumu yao itoe sumu. Nikaumwa vizuri sana. Nikarudi nyumbani na maumivu ya aina mbili badala ya moja.

Mwishowe nilisafiri hadi hospitali kubwa, mbali na kwetu, wakanitoa damu nyingi kiasi cha kuwashia trekta. Daktari akanieleza kwa upole kwamba nina baridi yabisi, na kwamba baridi yabisi yangu hailetwi na baridi. Mwili una askari wa kuulinda, ndiyo hiyo kinga ya mwili. Askari wangu wamechanganyikiwa, wanavishambulia viungo vyangu wakidhani ni adui. Akasema ugonjwa huu hauishi, ila hutulizwa. Akanipa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Nikachagua Jumapili, siku ambayo hata mtu mwenye kichwa kama changu huikumbuka.

Mteja wangu mmoja Mkongomani, aliyekuwa akija kutoka kambi ya wakimbizi, alicheka sana nilipomweleza. Kwao baiskeli huitwa kinga. Akasema fundi wa kinga ameharibikiwa kinga, sasa nani atamtengeneza nani. Nilicheka naye. Kilikuwa kati ya vicheko vyangu vya mwisho vya wakati ule, na nashukuru kilikuwa kikubwa.

Kliniki yangu ya kila mwezi ikahamishiwa Kasulu. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi karibu na muuza vitenge mmoja, mtu wa mjini pale, babu zake walitoka pwani, mwenye kanzu safi na goti bovu. Aliniita ndugu yangu, akaniuliza naumwa nini, nikamweleza habari za askari. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akiisubiri habari hiyo. Akanong'ona kwamba madaktari hawamalizii. Hawa askari, akasema, hulala. Kinachowaamsha ni kutikiswa, na hakuna kinachomtikisa mwanadamu kama kicheko. Mjomba wake alicheka arusini Ujiji, kesho yake goti likawa fenesi. Hakuniuzia chochote, wala hakunitania. Alinionea huruma tu, akanipa alichokuwa nacho.

Mtu mwingine angepuuza. Mimi nilikuwa na elimu ya kutosha kuupa uongo mchoro. Nikaona kichwani kabisa diafragimu, ule msuli wa chini ya mapafu, ikipanda na kushuka, mbavu zikigonga, askari wakidondoka vitandani wakikamata bunduki. Hata hivyo nilisita kidogo, mpaka ilipofika arusi ya mtoto wa kaka yangu kule Munanila.

Arusi ile nilicheka kuanzia Jumamosi mchana mpaka Jumapili jioni. Nilicheza ngoma mpaka vumbi likaomba mapumziko. Nilibeba makreti ya soda, mzee mzima, kwa sababu vijana walikuwa wanabeba mojamoja na mimi nikataka kuwaonyesha ya mawilimawili. Vidonge nilikuwa nimeviacha Kibondo juu ya kabati la vyombo. Jumatatu nikaamka mikono yangu imekuwa mikungu miwili ya ndizi. Nikaitazama, nikasema moyoni, yule muuza vitenge ni mtume. Tangu siku hiyo nikaacha kucheka kama wengine wanavyoacha sigara.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, kwa ajili ya msomaji aliyekulia mahali ambapo "mambo" na "poa" hutosha. Sisi Waha salamu yetu ina mikono. Ukikutana na mkubwa wako, unainama kidogo, unapiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa vimeachwa na hewa ndani ili vitoe sauti nzito, huku unauliza amahoro, amani ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, ya mbuzi kama wapo. Yeye naye anapiga, anajibu, anauliza yake. Salamu ikikamilika, chai inaweza kuwa imechemka. Mtu asiyepiga makofi hajasalimia. Ametoa taarifa tu kwamba amepita.

Na mimi sikuweza tena kupiga. Asubuhi kiganja kikigusana na kiganja nilisikia maumivu mpaka kwenye meno ya nyuma. Nikajaribu kupiga kwa vidole viwili, ikawa kama ninafukuza nzi. Nikajaribu kuinamisha kichwa tu, mzee mmoja akaniuliza kama siku hizi nimekuwa diwani. Kueleza niliona aibu. Fundi akisema mikono haifanyi kazi, anakuwa ametangaza nini? Nikaona njia nyepesi ni kutokutana na watu. Nikaanza kufungua kibanda changu watu wakishapita kwenda sokoni na kukifunga kabla hawajarudi. Njia za Kibondo nikazigawa: hii ina wazee, hii ina wakwe, hii ina mbwa. Nikachagua ya mbwa.

Hivyo nikawa sicheki na sisalimii. Ukimwondolea mtu wa kwetu vitu hivyo viwili, kinachobaki ni shati.

Sikujua lini hasa huzuni iliingia, kwa sababu nilikuwa nimeifungulia mlango mwenyewe. Nilidhani ni utii. Kimya changu nilikiita dawa. Chakula kilipokosa ladha, hata ugali wa muhogo na samaki wa migebuka ambao zamani ningeweza kuupigania na simba, nilisema ni vidonge. Usingizi ulipokata nikasema ni maumivu, na maumivu yalikuwepo kweli, hayakuwa na haja ya kusingiziwa. Niliweza kukaa kibandani kutwa nzima nikizungusha gurudumu moja, nikilitazama linavyozunguka, bila kukumbuka lina kosa gani. Mteja akija nilimwambia njoo kesho. Kesho nilikuwa sifungui.

Hapa sitatia chumvi. Ilifika mahali nikawaza kwamba nyumba yangu ingekuwa nyepesi kama mimi nisingekuwamo. Niliwaza hivyo mchana kweupe, jua likiwaka, mke wangu akipepeta maharage hatua chache kutoka nilipo. Wazo hilo halikunitisha. Hilo ndilo linalonitisha leo, kwamba halikunitisha.

Katika majira hayohayo mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Kasulu. Ni mwanamke mfupi, mnyoofu, mjane, anayelima maharage kushinda wanaume watatu na kuyasema vibaya ya wengine yote. Alizaliwa Burundi. Alivuka mpaka akiwa binti mdogo, familia nzima na mafurushi kichwani, wakakaa, wakalima, na miaka mingi baadaye wakapewa uraia. Huyu ndiye mtu ambaye kwa desturi napaswa kumsalimia kwa makofi kuliko mtu mwingine yeyote chini ya jua.

Niliposikia sauti yake njiani nikajificha kwenye banda la nyuma, katikati ya matairi makuukuu. Mtu mzima, baba wa watoto, nimelivaa tairi moja shingoni kwa sababu hapakuwa na pa kuliweka. Nikamsikia anauliza nilipo. Nikamsikia mke wangu anasema nimetoka. Kisha nikapiga chafya. Mama mkwe alikunywa chai yake, akaacha mfuko wa maharage mlangoni, akaondoka.

Ikafuata posa. Binti yetu mkubwa, mwalimu wa chekechea, alipata mchumba kutoka Kasanda, kijana mkulima mtulivu, na wazee wake wakaleta taarifa kwamba watakuja kujitambulisha baada ya mavuno ya maharage. Kwa baba yeyote hiyo ni siku ya kuvaa koti na kucheka kwa sauti ya chini yenye thamani. Mimi nilihisi nimehukumiwa. Ujumbe mzima wa wazee, na kila mmoja ana mikono inayotaka kupigiwa makofi.

Nilimwambia mke wangu awaambie nimesafiri. Alikuwa anasuka mkeka. Aliuweka chini, akasema binti ameshasema bila bibi yake aliyemlea hakuna mgeni atakayepokelewa. Na bibi amekataa kuja.

Nikauliza kwa nini.

"Anasema haji kwenye nyumba ambayo mkwe anajificha ndani ya matairi asimsalimie mkimbizi."

Neno hilo sikuwahi kulisikia nyumbani kwangu. Nilitaka kusema siyo hivyo, nikafungua mdomo, machozi yakatangulia maneno. Mke wangu alijua habari ya vidole, ndiye aliyekuwa akinifunga vifungo vya shati. Asichokijua ni mengine yote.

"Baba watoto, mimi nimeolewa na kelele," akasema. "Huyu ninayelala naye sasa hivi simjui, na ninamwogopa. Kliniki ijayo tunakwenda wote, na nitaongea mimi."

Akaongea kweli. Kule Kasulu tulipokelewa na tabibu mwanamke, bado kijana, anayemwita kila mwanamume mwenye mvi baba na kila asiye na mvi kaka. Mke wangu alimweleza usingizi, chakula, gurudumu, matairi. Tabibu hakuandika kitu. Aliweka kalamu chini, akanigeukia, akauliza kama kuna vitu nilivyokuwa nikivifurahia zamani na sasa sivifurahii. Nikamjibu kwa fahari ya mgonjwa mtiifu kwamba nimeacha vyote, na kicheko nimekiacha kabisa. Nilisubiri anisifu. Aliniangalia kwa huruma, nikadhani huo ndio mtindo wake wa kusifu.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu, kama nimewahi kuwaza bora nisiwepo. Mke wangu alikuwa kando yangu. Nikasema ndiyo. Nikasikia mkono wake ukishika sehemu ya juu ya mkono wangu, pale ambapo hapaumi. Alikuwa anajua pasipouma.

Tabibu akasema hiyo inaitwa sonona. Ni ugonjwa, si tabia wala laana, na watu wenye magonjwa ya kudumu kama langu huupata mara nyingi, kwa sababu maumivu yasiyoisha huchosha hata ubongo. Akanipa vidonge vingine, vya kila siku, akanionya kwamba havifanyi kazi siku moja. Akaniambia mawazo yale yakirudi nimwambie mke wangu saa hiyohiyo, au nije, nisingoje tarehe. Akanitaka kila mwezi nije tuzungumze, si viungo tu. Na akanipa kazi za nyumbani, kama darasa la jioni. Kwanza, kibanda kifunguliwe asubuhi, hata kama nitakaa tu. Pili, nitembee kila siku, na nisipite njia ya mbwa. Tatu, nichague mtu mmoja anayedhani namdharau, nimweleze ukweli wa mikono yangu.

Nashukuru kwamba alisema mmoja. Angesema wote ningelazimika kukodi spika.

Nilikwenda mwenyewe, mke wangu alipotaka kunisindikiza nilikataa. Mama mkwe alikuwa uani kwake, pembeni kidogo ya mji wa Kasulu, anachambua maharage kwenye ungo. Nilisimama mbele yake. Mikono ikaning'inia. Akaendelea kuchambua, akatupa jiwe moja mbali kidogo na mguu wangu.

"Karibu, mwenye nyumba kubwa," akasema. "Leo matairi umeyaacha na nani?"

Nikapiga magoti, jambo ambalo kwa goti langu lilichukua muda kama salamu yenyewe, nikamwekea mikono yangu juu ya ungo, katikati ya maharage. Vidole vilikuwa vimeanza kupinda upande, viungo vimevimba kama mafundo ya mwanzi. Akaacha kuchambua.

"Mama, mikono haipigi. Asubuhi haishiki hata kikombe. Nimekukimbia kwa aibu, wala si kwa dharau."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu binti alipomaliza chuo.

Kuku alikuja akadonoa harage karibu na kidole changu, hakuna aliyemfukuza.

"Na mimi nilidhani ni yale mafurushi," akasema mwishowe, taratibu, kama anajisemea. "Mtu akivuka mpaka anabaki anasikiliza. Hata mlango ukifungwa na upepo, anadhani umefungwa na mtu." Kisha akainua uso, sauti ikarudi kuwa ile ninayoijua. "Na mdomo nao una viungo? Si ungesema."

Kicheko kilinipanda mpaka kooni. Nikakikamata palepale, nikakimeza kama mtu anayemeza mfupa, nikikumbuka askari. Yeye aliona mabega yangu yanatikisika akadhani nalia, na pengine nilikuwa nalia pia. Akavishika vidole vyangu jinsi asivyowahi kushika kitu, bila nguvu. Akasema makofi ataniazima. Yeye anayo mengi, hana tena mume wa kumpigia.

Akainama upande wangu palepale, akapiga makofi yale mazito yenye hewa ndani, kwa niaba yangu, akajisalimia. Halafu akageuza uso akajijibu. Aliuliza habari za nyumbani kwake, akasema ni nzuri. Aliuliza habari za mbuzi, akasema mbuzi hana. Nimesalimiwa na watu wengi maishani, lakini salamu ile ambayo sikufanya chochote ndiyo ninayoishukuru kuliko zote.

Sonona haikuondoka kwa sababu hiyo, nisije nikamdanganya mtu. Baada ya wiki kadhaa vidonge vilianza kunirudishia usingizi, kwanza vipande, kisha wa kutosha. Ugali ukaanza kuwa na ladha, nikajua kwa sababu siku moja nililalamika kwamba chumvi ni kidogo na mke wangu akaniongezea huku anafuta machozi. Kibanda nilikifungua. Siku nyingine nilikaa tu. Siku nyingine nilimwelekeza mteja akaze nati mwenyewe, nikagundua kwamba watu wanapenda kuelekezwa, na nusu ya ufundi wangu ilikuwa kichwani, si mikononi. Lakini kucheka, hapana. Kila nilipojisikia vizuri nilizidi kujichunga, kama mtu aliyepewa yai abebe. Nilipona nusu, nusu nyingine nikaiweka lindo.

Maharage yakavunwa. Wageni wa Kasanda wakafika, wanaume wazima na mashangazi wawili, wakiongozwa na mzee mnene aliyevaa koti zito la kutosha kuhamia nalo. Nilisimama mlangoni, mama mkwe kulia kwangu, mke wangu kushoto. Tulikuwa tumekubaliana. Nikaweka viganja vyangu juu ya kifua, nikainama, nikaanza kuuliza amahoro ya safari, na mama mkwe akapiga makofi kwa niaba yangu, taratibu, kwa heshima zote.

Tulisahau jambo moja tu. Hatukuwaambia wageni.

Yule mzee mnene alinitazama, akamtazama mama mkwe, nikaona anahesabu kichwani. Mtu aliyekuja kuomba binti hathubutu kukosea desturi ya nyumba. Polepole akaweka viganja vyake kifuani. Akamgusa shangazi mmoja kwa kiwiko. Shangazi akashtuka, kisha akaanza kumpigia makofi. Aliyefuata naye akaweka mikono kifuani, shangazi wa pili akashikwa. Waliobaki hawakuwa na wanawake tena, basi wakapigiana wao kwa wao, huyu anampigia yule huku yule ameshika kifua, kisha wanabadilishana. Mwisho alibaki mmoja, mrefu, mwembamba, mikono kifuani, anatazama huku na huku kama mtu aliyeachwa na gari, hana wa kumpigia. Mke wangu akamwonea huruma, akampigia yeye.

Hapo ndipo nilipolipuka.

Sikukamata chochote, mlinzi kalala. Kicheko kilitoka na vumbi lake lote la miezi ile, kikatoka na machozi, kikanikalisha kizingitini. Nadhani Kumsenga kuku waliacha kudonoa. Wageni wakabaki wameshika vifua vyao, wameganda, wanaogopa kwamba wamekataliwa. Ni mama mkwe aliyewaokoa.

"Mkwe wangu anaumwa mikono," akawaambia. "Ninyi mnaumwa nini?"

Basi tena. Koti zito lilitikisika mpaka kifungo kikaruka. Posa ile ilipita bila mtu kukumbuka hotuba aliyoiandaa, na binti yangu anasema mpaka leo ukoo wa mumewe wakitembeleana huwekeana mikono kifuani, kwa utani.

Mimi jioni ile nilijua nimekwisha. Nilimwomba mke wangu asogeze maji ya moto karibu, nikalala kama askari wa upande wa pili anayesubiri vita. Asubuhi nikavitazama vidole. Vilikaza kama kawaida. Vikalegea kwenye maji ya moto kama kawaida, chai ilipokuwa tayari vikashika kikombe. Nikasema labda askari wameachwa na basi. Nikangoja siku iliyofuata, na iliyofuata. Hakuna aliyekuja.

Sijapona, na sitapona, hilo nimelielewa. Kuna asubuhi vidole vinagoma, na kuna siku lile giza la ndani hupita dirishani kuangalia kama nipo. Sasa hivi nikiliona namwambia mke wangu kabla ya chai. Namshukuru yeye aliyesema ataongea. Nawashukuru wateja wanaonyosha viganja vyao na kujipigia makofi kwa niaba yangu wakifika kibandani, mpaka imekuwa kelele za kila siku. Namshukuru hata muuza vitenge, aliyenipa alichokuwa nacho. Naye goti lake lilikuwa linauma.

Lakini siku ya kliniki iliyofuata posa nilikwenda Kasulu kwa woga. Nilimwambia tabibu nina jambo la kuungama. Nikamweleza yote, benchi, fenesi la Ujiji, arusi ya Munanila, mikungu ya ndizi, lindo langu la miezi yote ile, na jinsi nilivyovunja masharti mbele ya wakwe. Nikamwuliza askari wangu watachelewa mpaka lini.

Hakucheka. Alivuta kiti karibu, akaniuliza kule Munanila nilifanya nini zaidi ya kucheka. Nikamwambia ngoma, na makreti mawilimawili. Akauliza vidonge vya Jumapili ile nilimeza saa ngapi. Nikamwambia vilibaki Kibondo, juu ya kabati la vyombo.

"Basi ni vidonge ulivyoviacha, na ngoma, na makreti," akasema. "Kicheko hakivimbishi viungo, baba. Hakijawahi."